Shule ndogo ikifungwa, ni nani anayeokoa pesa?
Ndani ya matatu hapa Nairobi utasikia: shule ya kijijini yenye watoto arobaini ifungwe, serikali iokoe pesa. Wazazi wanaokataa huitwa washamba. Haraka hiyo! Mgao wa pesa za serikali kwa shule ya msingi ya umma huhesabiwa kwa kila mwanafunzi, shilingi 1,420 kwa mwaka. Mtoto akihama, mgao unahama naye. Walimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, nao huhamishwa tu, mshahara uko palepale. Kweli, shule zikiunganishwa walimu wachache wanatosha, na hilo si dogo. Ila gharama nyingine inahamia kwa mtoto wa gredi ya kwanza, anayevuka mto alfajiri, viatu mkononi. Mvua za masika zikishika, anabaki nyumbani.