Moluska ni joho, si gamba

Juzi usiku, kwenye meza ya muuza supu ya pweza, kijana mmoja alikuwa anamfundisha mwenzake. Pweza, alisema, si moluska, kwa sababu moluska lazima awe na gamba. Mwenzake akauliza: na kaa je? "Kaa ndiye moluska wenyewe sasa." Mimi nilikuwa na kikombe cha supu mkononi na pilipili imenishika kooni, sikuweza kujibu. Lakini si mara ya kwanza. Nimeiona hiyo kwenye menyu ya hoteli, kaa na kamba na chaza wamefungwa fungu moja la "moluska". Nimeiona kwenye daftari la mpwa wangu, na tiki nyekundu juu yake.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Mwili wa moluska ni laini, hauna pingili na hauna mifupa. Chini kuna mguu, yaani msuli mmoja mnene wa kutambalia, kuchimbia au kung'ang'ania. Juu ya mguu kuna fungu la viungo vya ndani: moyo, tumbo, figo, vya uzazi. Na juu ya fungu hilo kuna joho, ngozi pana inayolifunika na kuning'inia pembeni, ikaacha uwazi kati yake na mwili. Ndani ya uwazi huo ndimo mnyama anamopumulia, na humohumo ndimo uchafu wake unamotokea. Joho ndilo linalotoa chokaa ya kujengea nyumba, kama mnyama huyo ana nyumba. Wengi wana pia radula mdomoni. Basi. Spishi zaidi ya 70,000 zilizokwisha kuelezwa, kuanzia koa wa bustanini hadi ngisi wakubwa wa vilindini, zimejengwa kwa vipande hivyohivyo.

Radula nayo ni utepe wenye safu za meno madogo sana. Fikiria mbuzi ya kukunia nazi, ila hapa nazi imetulia na mbuzi ndiyo inayotembea juu yake. Meno ya mbele yakilika, ya nyuma husogea kushika zamu. Chaza na jamaa zake wenye vifuniko viwili hawana radula. Hata kichwa hawana; wengi wao wanachuja chakula majini kwa matamvua, viungo vyao vya kupumulia.

Neno "kama" pale juu naomba lisipite kimyakimya: kama ana nyumba. Ugomvi wangu wote uko hapo.

Jina lenyewe limetoka kwenye Kilatini, neno la kusema kitu ni laini. Halisemi lolote juu ya gamba. Na ukirudi nyuma zaidi ya Kilatini mambo yanazidi kunoga. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, alikuwa na kundi aliloliita malakia, yaani "walaini". Akina nani waliokuwamo? Pweza, ngisi na dome, ndugu yake ngisi. Hao tu. Alisema ni wanyama ambao ulaini wao uko nje na ugumu, kama upo, uko ndani. Konokono na chaza aliwaweka mbali, kundi la wenye ngozi ya kigae. Kaa na kamba akawapa kundi lao la tatu. Kwa hiyo yule kijana wa supu alikuwa anamfukuza pweza kwenye nyumba iliyojengwa kwa jina lake. Waliokaribishwa baadaye ni konokono.

Carl Linnaeus, Msweden, alipochapisha mpangilio wake wa viumbe mwaka 1758, alilitumia neno Mollusca kwa wanyama laini walio uchi: koa, ngisi, pweza. Akachanganya humo na yavuyavu wa baharini na hata kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano kama nyota, ambaye kwa pweza hana undugu wowote zaidi ya jina tulilompa sisi. Wenye makombe, konokono na chaza, aliwapeleka kundi jingine. Mpaka hapo, angalia, kuwa moluska kulimaanisha kutokuwa na gamba. Ni Georges Cuvier, Mfaransa, kuanzia mwaka 1795, aliyeacha kutazama maganda akaanza kupasua na kutazama ndani. Akaona koa na konokono ni kitu kimoja, mmoja kavaa na mwingine hakuvaa, akawaleta pamoja na chaza na pweza chini ya jina la walaini.

Sasa kwa nini Waswahili tunalikosea hili kirahisi hivi? Nadhani lawama ni ya neno gamba. Tumelibebesha mizigo mingi mno. Kuna gamba la samaki, gamba la nyoka, gamba la kobe, gamba la kaa, gamba la konokono. Kwa mwenye kisu jikoni yote ni kitu kigumu cha nje, cha kuparuliwa au kuvunjwa, na hana kosa. Lakini gamba la kobe ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana. Kobe yumo kwenye mifupa yake mwenyewe. Gamba la nyoka limeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha zako. Gamba la kaa ni ngozi yake ya nje iliyokakamaa, na kwa kuwa haiwezi kutanuka, kaa akitaka kukua hana budi kulivua lote, miguu na macho pamoja, akae mafichoni siku kadhaa mwili ukiwa teketeke mpaka jipya likauke.

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilikuwa inazungumzia kujivua gamba, siasa za chama tawala. Wachora vibonzo walichora nyoka, na walikuwa sahihi. Wangeweza kuchora kaa pia. Asingefaa konokono. Konokono hajivui. Amezaliwa na nyumba yake na atakufa nayo, ameshikwa kwa msuli kwenye nguzo ya katikati ya mzunguko. Akikua, ukingo wa joho huongeza chokaa mpya pale mlangoni, kidogo kidogo, ndiyo maana unaona mistari. Chukua kombe la konokono mkubwa wa mvua, yule wa shambani, utazame nchani kabisa, pale panapokuwa padogo kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo nyumba aliyotoka nayo yaini. Utoto wake wote bado ameubeba mgongoni. Na hapa niseme pia kwamba koa si konokono aliyehama nyumba. Ukimtoa konokono ndani ya kombe hupati koa, unapata maiti.

Ndiyo maana mimi, nikiweza, kwa nyumba ya moluska nasema kombe, gamba namwachia kaa na samaki. Kombe ni neno zuri, na ndani yake nasikia kukomba, kile kitendo cha kuchota mpaka chombo kibaki kitupu. Kitu chenye shimo, cha kupokea. Ndilo hilohilo kombe la kufunika mwanaharamu apite, ndilo kombe la bega, na ndilo Kombe la Dunia. Unguja kombe ni mnyama mwenyewe pia, yule wa vifuniko viwili vyenye matuta, anayeokotwa na kina mama maji yakipwa. Najua kamusi zinaruhusu gamba la konokono na sitaki kugombana na kamusi. Ila kila mara neno gamba linapotumika darasani, kaa anaingia mlangoni bila kualikwa.

Hata hao wazungu wa vitabu waliwahi kuingiliwa hivyohivyo na jamaa wa kaa. Nenda ufukweni siku jahazi limepandishwa kukwanguliwa, utazame ubavu wa chini. Utaona vijibanda vyeupe vigumu vimeganda kwenye mbao, vile vinavyokuchana mguu ukiteleza. Vina ganda la chokaa, havitembei, vinafanana na jamaa wa chaza kabisa, na Cuvier mwenyewe aliviacha kwa moluska. Mwaka 1830 mwanasayansi John Vaughan Thompson akaonyesha kwamba watoto wa mnyama wa vijibanda hivyo wanaogelea kwa miguu ya pingili kama watoto wa kamba. Ni ndugu wa kamba aliyejibandika kichwa chini akajijengea kibanda. Sasa kwenye jahazi hilohilo, vunja ubao uliooza. Ndani kuna vishimo, na ndani ya vishimo kuna kitu kirefu, cheupe, kilaini, ambacho kila fundi atakwambia ni mnyoo. Linnaeus naye mwaka 1758 alimtia kwenye minyoo. Mtazame ncha ya mbele: ana makombe mawili madogo, makali, ndiyo anayotobolea mti. Ni jamaa wa chaza. Huyo ndiye anayefanya watu wapake deheni chini ya vyombo. Kwa hiyo kwenye ubavu mmoja wa jahazi aliyevaa ganda si moluska, na aliyelala uchi ndani ya mti ndiye. Ukihesabu magamba umekosa mara mbili.

Kitu cha kutafuta ni joho. Nimelichagua neno joho makusudi, maana wanasayansi waliliita kwa Kilatini pallium, nalo ni vazi la kujitanda, si ngozi ya kubana mwili. Joho la bwana harusi liko hivyohivyo: limekaa mabegani, limeachia mbele, na kati yake na kanzu kuna nafasi. Nafasi hiyo ndiyo muhimu. Na matamvua, neno tunalotumia kwa viungo vya kupumulia majini, asili yake ni nyuzi za ukingo wa nguo. Joho lenye matamvua! Kiswahili kimeshona suti nzima hapa na hakuna aliyekishukuru.

Nafasi hiyo kila mmoja kaitumia alivyopenda. Konokono wa nchi kavu kaifanya pafu. Mvua ikikatika, mwangalie upande wake wa kulia, chini ya ukingo wa kombe. Kuna kitundu kinafunguka na kufumba polepole. Anahema. Koa naye anacho kitundu hicho, upande huohuo, kwenye kile kiraka cha ngozi nyuma ya shingo, ambacho ndicho joho lake lililobaki. Ngisi kaifanya pampu: anajaza maji, anafunga ukingo, anayasukuma kupitia mrija, anafyatuka kinyumenyume.

Na ukitaka kulishika joho kwa mkono wako, nunua ngisi sokoni. Vuta kichwa; kitatoka na fungu zima la viungo vya ndani pamoja na kifuko cha wino. Ingiza kidole ndani ya kile kiwiliwili kilichobaki kama soksi, uguse upande wa mgongo. Kuna kitu chembamba, king'avu, ungedhani mtu kasahau kipande cha plastiki. Kivute. Hicho ndicho masalia ya kombe la mababu zake, limehamia ndani. La dome ni kile kipande cheupe chepesi kinachookotwa ufukweni, watu wakakiweka kwenye tundu la ndege. Pweza kalitupa karibu lote. Ile soksi uliyobaki nayo, unayoikata duara duara ukakaanga kwa ndimu na kitunguu saumu, ni joho. Pete za ngisi ni vipande vya joho. Na ile mikono, ile inayojikunja juu ya moto mpaka tukapata msemo wa pweza kujipalia makaa, imetokana na mguu uleule wa konokono, uliogawanyika ukauzunguka mdomo.

Kauri ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Tumezoea kumwona kwenye bao la mganga au kwenye shanga, kombe tupu linalong'aa, na Waganda bado wanaziita fedha ensimbi, jina hilohilo la simbi, yaani kauri. Mkute mzima kwenye mwamba, hutaona kung'aa kokote. Joho limepanda kutoka pande zote mbili likakutana mgongoni, lina madoa na vinyweleo, nyumba yote imefichwa chini ya vazi. Mguse. Litajirudisha polepole kama pazia, na kombe litatokea, laini kama sahani, kwa sababu halikuwahi kuachwa wazi likachubuka.

Kijana wa supu nilimkuta tena jana, meza ileile. Nilikuwa sijaanza kula, nikamweleza habari ya Aristotle na pweza. Akafikiri, akachovya kipande cha mkono kwenye pilipili, akasema sawa kaka, pweza nimemkubali, lakini kaa je, tumtoe hivihivi? Nikamwambia kaa hana joho. Ana nguo ya kubana, na anaivua.