Sauti ndani ya injini ya sentimita sita

Injini ya garimoshi ya modeli iliyo mezani kwangu usiku huu ina urefu wa kama sentimita sita. Ni Quarry Hunslet, mojawapo ya vile vichwa vidogo vya mvuke vilivyovuta mabamba ya mawe ya kuezekea katika machimbo ya Dinorwic na Penrhyn, kaskazini mwa Wales. Injini halisi ina magurudumu manne tu, kila moja na kipenyo cha mm 508, na nyingi hazikuwa hata na kibanda cha dereva. Modeli imepunguzwa mara 76.2 na inatembea juu ya reli ya mm 9. Zidisha 9 kwa 76.2 upate mm 686, yaani futi 2 na inchi 3, upana uleule wa reli ya Talyllyn, hukohuko Wales, ile ambayo mwaka 1951 ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Nimemaliza kuifungia sauti, na nataka kueleza nilivyofanya, kwa sababu wengi wanaoanza huharibu pesa mahali palepale: wananunua dikoda ya bei, yaani saketi ndogo inayopokea amri, kuendesha mota na kutoa sauti, wanaibana ndani ya bodi, lile ganda la injini, wanasikia mlio kama wa nzi kwenye chupa, wanakata tamaa. Dikoda mara nyingi haina kosa lolote.

Kwanza sikio. Mimi nimezaliwa Voi, kwenye kota za reli, na sauti ya garimoshi niliyokua nayo ni ya Garratt za daraja la 59, injini za mvuke zenye seti mbili za silinda, zile zilizopewa majina ya milima. Gurudumu lake la kuvuta lilikuwa na kipenyo cha mm 1372. Injini ya silinda mbili hutoa pumzi nne, ile mishindo ya mvuke unaotoka dohani, kila gurudumu linapozunguka mara moja, maana kila pistoni husukumwa na mvuke pande zote mbili. Kwa gurudumu la ukubwa ule, pumzi moja hutoka kila baada ya mita moja na kitu. Garimoshi likipanda mlima kwa kilomita 10 kwa saa, kila seti ya silinda inapumua mara mbili na nusu hivi kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu mzima aliyebeba gunia.

Sasa chukua Hunslet. Mzingo wa gurudumu lake ni mita 1.6, kwa hiyo pumzi hutoka kila sentimita 40. Kwa kilomita 10 zilezile inapumua mara saba kwa sekunde. Ni injini yenye haraka, inahema, na hilo ndilo linaloifanya ipendeze. Nilipofunga dikoda yangu ya kwanza niliweka pumzi nzito za polepole kwa sababu ndizo zilizokuwa kichwani mwangu tangu utotoni, na kila aliyeiona alihisi kuna kitu hakikai sawa bila kujua ni nini. Injini ndogo ina sauti yake yenyewe, usiipe ya kaka yake.

Kabla ya sauti, lakini, mwendo. Ikiwa injini haiwezi kutambaa mita nzima bila kusita, usiifungie chochote. Katika mfumo wa dijitali wa DCC reli huwa na umeme wakati wote, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo: mkondo hugeuka upande baada ya mikrosekunde 58 kwa biti ya moja, na baada ya mikrosekunde 100 au zaidi kwa biti ya sifuri. Dikoda husoma urefu huo na kuamua mota izunguke vipi. Gurudumu likipoteza mguso kwa muda mfupi tu, injini isiyo na sauti itateleza na kuendelea. Yenye sauti hunyamaza, kisha inawaka upya kana kwamba imetoka gereji. Ukiwa na magurudumu manne, gari lisilofika gramu mia, na pointi (mahali reli zinapogawanyika) zenye kipande cha plastiki katikati, jambo hilo litakutokea kila mzunguko.

Kwa hiyo nasafisha. Kitambaa kisichotoa nyuzi, alkoholi ya isopropili, reli yote, kisha magurudumu, kisha vile vibapa vyembamba vya shaba vinavyogusa nyuma ya gurudumu. Hivi vibapa ndivyo husahaulika. Vitazame kwa lenzi huku ukizungusha gurudumu kwa kidole, uhakikishe vinaligusa mzunguko mzima. Kwenye Hunslet hii kimoja kilikuwa kinaachia nusu ya mzunguko. Nilikikunja kwa ncha ya sindano, chini ya unene wa kucha, na nusu ya matatizo yakaisha hapohapo. Pointi nazo, tumia zile ambazo kipande cha katikati ni cha chuma na kinapewa umeme kwa swichi.

Kisha chukua multimita kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Hapa nina kidonda. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na bodi ya chuma niliyoiunganisha mwenyewe juu ya chasisi ya zamani. Nililehemu nyaya kwa utaratibu: nyekundu na nyeusi kwenda kwenye reli, ya machungwa na ya kijivu kwenda kwenye mota. Nikaiweka relini. Ikawika sekunde mbili, kikatoka kiuzi cha moshi, na chumba kizima kikanuka ile harufu tamu ya saketi iliyoungua. Kaboni moja ya mota, yaani kile kijiti kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ilikuwa inagusa chasisi, na chasisi yenyewe ilikuwa inabeba umeme wa reli upande mmoja. Kwa injini ya umeme wa kawaida, isiyo na dikoda, huo ni mpangilio mzuri, unapunguza waya. Kwa dikoda ni kifo. Tangu siku hiyo napima kila kaboni dhidi ya kila gurudumu na dhidi ya chasisi, na kama mita inalia popote, naitenga kaboni kwa utepe wa Kapton au kipande cha plastiki mpaka inyamaze. Ni kazi ya dakika tano, na dikoda ya sauti bei yake inaumiza.

Halafu kapasita, zinazoweka akiba ndogo ya umeme. Watu huzizungumzia kama dawa ya kila ugonjwa, basi tupige hesabu. Nimefunga kapasita tano za tantalamu za mikrofaradi 220, jumla 1100. Tuseme umeme unashuka kutoka volti 12 hadi 7 kabla dikoda haijazima, na mota pamoja na sauti vinakula miliampea 100. Akiba hiyo inatosha milisekunde 55. Kwa mwendo unaolingana na kilomita 10 kwa saa, modeli inakwenda mm 36 kwa sekunde, kwa hiyo katika milisekunde 55 itakuwa imesogea mm 2. Milimita mbili! Zinavuka punje ya vumbi, na nafurahi zinavuka, lakini hazivuki kipande cha plastiki cha pointi. Anayetegemea kapasita badala ya kusafisha atabaki na injini inayozima palepale ilipokuwa ikizima.

Tuje kwenye spika, hapa ndipo utamu ulipo. Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote kikubwa. Chukua ile spika ndogo ya mstatili, mm 8 kwa 12, ya ukoo mmoja na zilizo ndani ya simu. Iunganishe na dikoda ikiwa tupu, bila kifuniko, ucheze honi. Utasikia kelele nyembamba. Sasa chukua kifuniko cha chupa ya soda, zungushia ukingoni ule udongo laini wa kubandikia karatasi ukutani, bandika spika juu yake kusiwe na upenyo, ucheze honi ileile. Utashtuka. Ngozi ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na hewa ya mbele ikipata njia ya kuzunguka hadi nyuma, zote mbili zinafutana. Kisanduku kinazitenganisha. Tundu la kupitisha waya likiachwa wazi linatosha kuirudisha sauti ya nzi, kwa hiyo mimi huziba kila kona kwa gundi nyeupe, nangoja usiku mzima, kisha naipuliza kwa mdomo kusikiliza kama inavuja.

Kifuniko cha soda hakiingii ndani ya Hunslet, wala spika yenyewe haiingii. Boila imejaa chuma cha uzito, na kibanda hakuna. Ungeweza kuchonga uzito ili upate nafasi, lakini uzito ndio unaokandamiza magurudumu kwenye reli, na tumeshaona magurudumu yanahitaji nini. Nikaamua kupeleka kila kitu nyuma. Injini imefungwa moja kwa moja na behewa la wachimbaji, sanduku lenye paa ambalo wafanyakazi walipanda kwenda machimboni. Ndani yake mna dikoda, kapasita, na spika katika kisanduku chake, uso ukitazama chini kupitia matundu niliyotoboa sakafuni. Nyaya nne nyembamba kama unywele zinapita kati ya behewa na injini: mbili za mota, mbili za umeme wa reli. Nikaongeza vibapa vya shaba kwenye magurudumu manne ya behewa, na sasa treni inachota umeme kwa magurudumu manane badala ya manne. Kwa maoni yangu faida hiyo ni kubwa kuliko sauti yenyewe. Na sikio halitambui kwamba honi inatoka sentimita tano nyuma ya mahali inapopaswa kutoka. Nimewajaribu watu wengi, wote wanaangalia dohani.

Nyaya hizo uziache zilegee. Kwenye kona kali, behewa linajipinda dhidi ya injini, na waya uliokaza utainua gurudumu bila wewe kuona.

Kurekebisha sauti hufanywa kwa namba za mipangilio zinazoitwa CV. Katika dikoda za LokSound, CV 57 na 58 ndizo zinazopanga umbali kati ya pumzi na pumzi. Kwa dikoda za Zimo ni CV 267. Usirekebishe kwa kukisia. Mimi huweka nukta ya rangi nyeupe kwenye gurudumu, narekodi video kwa simu kwa mwendo mdogo kabisa, kisha naitazama taratibu nikihesabu pumzi kati ya nukta kwenda juu na nukta kurudi juu. Zikiwa tano, naongeza umbali. Zikiwa tatu, napunguza. Kwa Hunslet ya modeli pumzi nne huja kila mm 21 za reli, kwa hiyo unaweza pia kuweka rula pembeni ikawa shahidi.

Baada ya hapo nashusha ukubwa wa sauti. LokSound 5 inakubali hadi 192 kwenye CV 63. Mimi niko 60 na kitu. Spika ya mm 8 kwa 12 haina uwezo wa kutoa mngurumo wa chini hata uisukume vipi, na ukiisukuma inakwaruza. Bora sauti inayokufanya usogee karibu na meza. Kuongeza kasi na kupunguza, CV 3 na CV 4, naziweka juu ili treni ya mawe iwe nzito kweli: unafungua mvuke, injini inapumua kwa nguvu, ndipo behewa linasogea. Ukikaribia stesheni unafunga mvuke mapema, pumzi zinakufa, unasikia vyuma tu vikigongana, na treni inateleza yenyewe hadi unapobonyeza breki. Hapo huendeshi tena mwanasesere.

Kinachonisubiri sasa ni kigumu zaidi: modeli ya Garratt ya daraja la 59. Naishi Manchester, na kiwanda cha Beyer, Peacock kilikuwa Gorton, mtaa wa hapahapa. Garratt 34 za daraja la 59 zilitoka humo kati ya 1955 na 1956 kwenda Afrika Mashariki. Humohumo mwaka 1958 ilitoka Garratt nyingine, NGG16 namba 143, iliyotengenezwa kwa reli ya Afrika Kusini ya mm 610, na leo iko Wales kwenye reli ya Welsh Highland. Nilipoisikia mara ya kwanza ikipanda kutoka kijiji cha Beddgelert nilisimama. Garratt ina seti mbili za silinda zisizounganishwa kwa chuma chochote, na zote hutolea mvuke kwenye dohani moja. Kwa dakika moja zinapumua pamoja, pumzi nne nzito. Kisha seti moja inateleza kidogo, pumzi zinaachana, zinakuwa nane nyepesi zinazokimbizana, kisha zinarudiana tena. Hiyo ndiyo sauti niliyolala nayo Voi.

Namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi, lakini haipumui, kwa hiyo nitatumia sauti iliyorekodiwa kutoka kwa ndugu yake wa Wales. Kwa maoni yangu, sauti ya Garratt ni bora irekodiwe kutoka kwa Garratt yenyewe kuliko kurudufisha ya injini ya kawaida. Modeli itakuwa ya 1:87 kwenye reli ya mm 12, ambayo ni mm 1044, karibu kabisa na geji (upana wa reli) yetu ya mita. Gurudumu la mm 838 la NGG16 linapumua kwa haraka kuliko la mm 1372, hivyo umbali wa pumzi itabidi nirefushe hadi mm 12.4 za reli ya modeli. Nimeshaweka nukta nyeupe kwenye gurudumu.