Taswira ya mwili: sweta la Novemba na utani wa mjomba

Kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, sweta ni nguo ya kawaida. Asubuhi ya Juni ukungu unatanda barabarani na watoto wanakwenda shule wamejikunyata. Mtwara mjini ni habari nyingine. Novemba, saa saba mchana, hata mbuzi wanatafuta kivuli cha mwembe. Kwa hiyo nilipomwona mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tano, anarudi shule na sweta limemfunika mpaka shingoni huku jasho likimtiririka, nilidhani ana homa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona sweta?"

Akanyamaza. Aliyejibu ni mdogo wake wa darasa la pili: "Hataki waone tumbo. Shuleni wanamwita Bonge."

Jina hilo halikuwa geni kwangu. Nililianzisha mimi. Alikuwa na miaka minne, mashavu yamejaa, na kila nilipoingia uani nilikuwa naita, "Bonge la mjomba liko wapi?" naye anakuja mbio anacheka. Lini jina lile lilitoka uani kwetu likahamia shuleni, sikuliona likipita.

Kilichomvalisha mtoto yule sweta kwenye joto lile ndicho kinachoitwa taswira ya mwili. Ni neno la kitaalamu linaloweza kumchosha mtu, lakini jambo lenyewe lipo kila nyumba.

Taswira ya mwili si mwili. Mwili wa mtoto unapimika: mizani ya kliniki itatoa kilo, kibao cha kupimia urefu kitatoa sentimita, na nesi atatia nukta kwenye kadi. Taswira ya mwili ni ile picha ya mwili wake aliyonayo mtoto mwenyewe kichwani, pamoja na hukumu anayoipa picha hiyo. Ndiyo maana watoto wawili wenye kilo zilezile na urefu uleule wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja anaruka kamba uwanjani bila kujifikiria, mwenzake amekaa pembeni anavuta sketi ifunike magoti.

Wazo lenyewe lilianzia kwa madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Walikuwa na wagonjwa waliokatwa mguu wakaendelea kulalamika kwamba mguu huo, ambao haupo, unawauma. Maana yake akilini kuna picha ya mwili inayoishi maisha yake, na si lazima ilingane na nyama na mifupa. Mwaka 1935 daktari wa Austria, Paul Schilder, alilipeleka wazo hilo mbele zaidi: picha hiyo haijengwi na macho yetu na ngozi yetu tu, inajengwa pia na watu tunaoishi nao, jinsi wanavyotutazama na wanavyotushika. Kwa lugha ya uani, mtoto anajiona kwa macho ya kuazima kabla hajapata yake.

Leo wataalamu hupenda kuitazama taswira hiyo kwa pande nne, na zote zilikuwa ndani ya sweta lile. Kuna mtoto anavyouona mwili wake: mpwa wangu aliliona tumbo lake kubwa kuliko lilivyo. Kuna anachofikiri juu yake, kwamba ni baya. Kuna anachohisi, yaani aibu. Na kuna anachofanya kwa sababu ya hayo matatu, ambacho ndicho peke yake tunachoweza kukiona sisi wa nje: sweta, kukataa kupigwa picha, kuacha kucheza rede, kusema "nimeshiba" na sahani haijaguswa. Mzazi akigombana na sweta anagombana na mlango wa mwisho.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Huku kwetu ukinenepa unapongezwa: umependeza, umenawiri, Mtwara imekupenda. Ukikonda ndipo unaulizwa kama unaumwa. Ni kweli, na kuna wema ndani ya salamu hizo. Zimetoka katika miaka ambayo kukonda kulikuwa habari ya njaa au ya ugonjwa. Lakini tuangalie kilichotokea Fiji, visiwa ambako nako mwili mkubwa ulikuwa sifa, dalili kwamba mtu anatunzwa na ndugu zake. Televisheni ilipofika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker kutoka Marekani aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baadaye, kisha mwaka 1998 akahoji wasichana wengine wa rika lilelile. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Makundi yalikuwa madogo, yapata wasichana sitini na kitu kila mara, kwa hiyo tusiipe tarakimu hiyo uzito usio wake. Ila miaka mitatu ni muda mfupi sana kwa mila nzima ya kusifu unene kuanza kuyumba. Na pale ilikuwa televisheni ya sebuleni tu. Watoto wetu wana simu ambayo kamera yake, kabla haijakuonyesha sura yako, imeshaing'arisha ngozi na kuichonga pua.

Tena sisi wa kusini tuna ushahidi wetu wa nyumbani kwamba kipimo cha uzuri huhama. Mjerumani Karl Weule alipozunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 aliwapiga picha wanawake wenye ndonya, kile kibao kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu, na chale zilizochorwa usoni kwa ustadi. Huo ndio ulikuwa urembo wa mwanamke wa Kimakonde. Mapiko, yaani barakoa za ngoma, na vinyago vingi vya zamani vina ndonya. Mchongaji hakuwa anakejeli, alikuwa anachonga mwanamke aliyekamilika. Nilipomwonyesha mpwa wangu picha ya namna hiyo alishtuka: "Mjomba, hawakuona aibu?" Nikamwambia aibu angeona asiye nayo. Alikaa na jibu hilo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Midomo ni ileile, watu ni walewale. Kilichobadilika ni macho ya jirani.

Sasa nirudi kwenye utani, maana hapo ndipo tunapokosea sana, na mimi wa kwanza.

Kusini bila utani si kusini. Babu anamwita mjukuu mke wake, wajukuu wanamwambia babu hana meno, watani wanavamia msiba wanachekesha waliofiwa. Sitaki hayo yafe. Lakini utani una sharti ambalo wazee walilijua bila kuliandika: anayetaniwa ana haki ya kujibu. Ukiniambia nina kipara, nami nitakuambia mguu wako kama mti wa muhogo, tunacheka, tumemaliza. Mtoto wa miaka tisa atamjibu nini mjomba? Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Neno lake halirudishwi. Mjomba akisema bonge, limekuwa bonge. Kwa hiyo ule niliouita utani haukuwa utani, ulikuwa tamko, na mtoto hakupewa nafasi ya kukata rufaa.

Vivyo hivyo kimbaumbau, njiti, mbilikimo, "mweusi kama chungu". Na hayo ni mepesi ukilinganisha na anayobebeshwa mtoto mwenye ualbino au mwenye ulemavu, ambaye mwili wake unajadiliwa na watu asiowajua, njiani, mbele yake, kama vile hasikii. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kwa sababu ya ngozi yake, na watu wa kumwita kwa jina lake kwa sababu nyingine. Wazee walisema hujafa hujaumbika. Walikuwa wanamwambia mchekaji, si mchekwaji.

Lipo na lile la rangi. Mtoto anazaliwa, kabla hajapewa jina wageni wamekwisha kuangalia masikio yake kukisia atakuwa mweupe au mweusi. Miaka kumi baadaye anamwona mama au shangazi anajipaka mkorogo mbele ya kioo. Hakuna aliyemfundisha kitu, amejifunza. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi kuliko rangi iliyokimbiwa. Hayo tunayasema kwa watu wazima. Kwa mtoto linalosema ni kopo lenyewe lililo dirishani: ngozi kama yako ni kitu cha kuondolewa.

Umri mgumu zaidi ni wa kubalehe. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, na ni kawaida kabisa msichana kujaza mwili kidogo kabla ya kurefuka au wakati anarefuka. Mpwa wangu alikuwa hapo hasa. Hakuwa mgonjwa wala mlafi. Alikuwa anakua, na sisi tukampa jina la kukua kwake. Hapa unyago una jambo la maana, ingawa ya ndani si yangu kuyasema. Msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima aliyetajwa kwa jina kwamba huyu ndiye utakayemuuliza kuhusu mwili wako, na mabadiliko yaliyomtisha yakapigiwa ngoma badala ya kufichwa. Siku hizi familia nyingi zimebakiza turubai, spika na zawadi za ndoo, na somo hana hata jioni moja ya kukaa na mwali. Kama kuna cha kuokoa, ni hiyo jioni.

Wavulana nao wamo, tusidanganyane. Wao wanataka kifua na urefu, na aliyechelewa kukua anaona wenzake wote wamempita. Hawavai sweta, wanakuwa wagomvi, au wanaacha mpira.

Basi mtoto asaidiweje? Si kwa kumwambia kila siku kwamba ni mzuri. Huo nao ni mjadala wa sura yake, na mtoto ana akili: anajua kinachosifiwa kinaweza kukosolewa kesho. Kinachofaa zaidi ni kuuzungumza mwili kwa kazi unayofanya. Miguu iliyompandisha juu ya mkorosho. Mapafu yaliyompigisha mbizi. Mikono iliyomsuka mdogo wake. Maneno haya hayana mashindano ndani yake.

Na sisi wakubwa tuache kujitukana mbele yao. Dada yangu alikuwa na tabia ya kujishika tumbo mbele ya kioo na kusema, "Hili limekuwa gunia la korosho." Anasema kwa kucheka. Binti yake alikuwa amekaa nyuma yake, anasukwa.

Hii haina maana afya isiangaliwe. Kadi ya kliniki ipo kwa kazi yake, na kama nesi amesema uzito haukwenda vizuri, juu au chini, afuatwe. Ila chakula kibadilishwe kwa nyumba nzima. Soda ikipungua, ipungue kwa wote. Kisamvu na mbaazi na samaki vikiongezeka, mjomba naye ale. Ukimtenga mmoja na sahani yake ndogo umemwambia kwa wali kile ulichoacha kukisema kwa mdomo. Matembezi yawe matembezi, yasiwe adhabu ya mnene.

Wageni ndio shughuli. Huwezi kumkatiza bibi aliyetoka Tandahimba kwa basi, kashika mfuko wa ming'oko, anaingia na kusema, "Mbona huyu kavimba hivi?" Dada yangu amepata njia yake: "Shikamoo mama. Anakua huyu, na mwaka huu amekuwa wa tatu darasani, hebu mwambie bibi ulivyofanya." Bibi anageukia habari mpya, heshima imebaki mahali pake. Baadaye, faragha, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia bibi kwamba jina lile tumeliacha. Akaniuliza nani alilianzisha.

Kuna hali zinazozidi nyumba: mtoto anayeruka milo siku baada ya siku, anayejitapisha, anayepungua haraka, anayekataa shule kabisa, au anayesema afadhali asingekuwepo. Huyo apelekwe kituo cha afya mapema, na mhudumu aelezwe yote, si tumbo tu.

Kwa mpwa wangu sikutoa hotuba. Nilimwambia jina lile lilikuwa kosa langu, nikaanza kumwita jina lake. Sweta bado analivaa Jumatatu, siku ya paredi, wanapopanga mstari mbele ya shule nzima. Siku nyingine linakaa kwenye begi. Jumamosi iliyopita tulikwenda ufukweni Shangani na wenzake wawili. Aliingia majini na fulana na kanga juu yake, akaenda mbali kuliko ninavyothubutu, akarudi kunikuta nimesimama maji ya magotini.

"Mjomba, kwani huko Newala mlikuwa hamna maji?"

"Yalikuwepo," nikamwambia. "Ila tulikuwa tunayabeba kichwani."