Kijana popo na prepu ya alfajiri

Juzi mama mmoja alinijia kliniki na mwanawe wa kidato cha tatu, mwanafunzi wa kutwa. Kijana hulala saa 5 usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri, siku nyingine kwa kunyunyiziwa maji usoni. "Daktari, nimemwambia akizoea kuamka mapema, atalala mapema," mama akasema. Tulipokuwa tukizungumza, kijana alishaanza kusinzia kitini.

Saa za mwilini hazifanani. Kuna majogoo, wanaofumbua macho kabla ya adhana, na kuna wanaochangamka giza likishaingia. Wazungu huwaita hao bundi, lakini kwetu bundi ana nuksi zake, kwa hiyo mimi huwaita popo. Kwa kiasi fulani tabia hiyo hurithiwa. Kingine ni umri. Mtoto akibalehe, melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia, huanza kupanda kwa kuchelewa, na uchovu wa mchana nao hukawia kumlemea. Mwaka 2004, mtafiti wa usingizi Till Roenneberg na wenzake wa Munich, Ujerumani, walionyesha kwamba kuchelewa huku huongezeka hadi karibu miaka 20, ndipo kunaanza kurudi nyuma, wasichana wakitangulia wavulana. Aliye popo wa kurithi, akifika miaka 16, ni popo maradufu.

Nilimwuliza kijana kuhusu Jumamosi, maana siku ya shule haisemi ukweli. Akaniambia hulala saa 7 usiku na kuamka saa 3 asubuhi. Piga hesabu: katikati ya usingizi wake siku za shule ni saa 8 usiku, na Jumamosi ni saa 11 alfajiri. Tofauti ni saa 3, sawasawa na tofauti ya Nairobi na Accra. Ni kana kwamba kila Ijumaa husafiri Ghana, na Jumatatu alfajiri tunamtaka awe amesharudi. Tena siku za shule hupata saa 6 tu, ilhali umri wake unahitaji 8 hadi 10.

Sasa, lile la kuzoea. Kinachosogeza saa ya mwili hasa ni mwanga, na mwanga una wakati wake. Joto la mwili hufika chini kabisa saa 2 au 3 hivi kabla ya muda ambao mtu angeamka mwenyewe. Mwanga mkali baada ya hapo huivuta saa mbele, naye atasinzia mapema jioni. Ukija kabla ya hapo, mwili huuhesabu kuwa mwanga wa jioni, na saa hurudi nyuma. Kwa kijana huyu, anayeamka mwenyewe saa 3 asubuhi, mpaka huo uko kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Shuleni kwake prepu huanza saa 11:30, chini ya taa kali. Mama anadhani anamzoesha kulala mapema, kumbe huenda zile taa zinamchelewesha zaidi.

Kanuni za elimu ya msingi za Kenya za mwaka 2015 zinataja saa 2 asubuhi kuwa mwanzo wa masomo kwa shule za kutwa. Prepu ya alfajiri ni nyongeza yetu wenyewe. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2016 shule za sekondari zilisogeza kengele kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45. Wengi walitabiri kwamba vijana wangekesha zaidi tu. Walipopimwa, walikuwa wakilala dakika 34 zaidi.

Mama nilimwomba aache maji. Jumamosi na Jumapili kijana aamshwe saa 2, atoke nje, anywe chai yake uani kwenye jua. Wiki mbili baadaye, saa 1. Simu ilale sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Hapo kijana alizinduka kabisa. Mwalimu mkuu nimemwandikia barua aruhusiwe kukosa prepu muhula huu. Jibu bado.