Ripoti ya titi lako inawahusu na dada zako

Majibu ya kinyama cha titi yakitoka wengi wanatafuta neno moja tu, ni kansa au sio kansa, wakishaliona basi karatasi inakunjwa inaingia kwenye faili. Mi kazi yangu ni patholojia, hizo ripoti ndio naziandika, na ile mistari ya chini ambayo hamuisomi, gredi (ukali wa seli), ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli), HER2 (protini inayochochea seli kukua), sio ya kuchagulia dawa za mgonjwa peke yake, kuna wakati inasema kitu kuhusu ukoo mzima.

Tuelewane kwanza, kansa nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazotokana na jeni mbovu ya kuzaliwa nayo ni kama 5 mpaka 10 kwenye kila 100. Jeni zinazotajwa sana ni BRCA1 (ilipatikana 1994) na BRCA2 (1995), kazi yake ni kukarabati DNA ikikatika. Mwanamke aliyezaliwa na mojawapo ikiwa mbovu, uwezekano wa kupata kansa ya titi mpaka afike miaka 80 ni karibu 70 kwa 100, na ovari (mifuko ya mayai) nazo ziko hatarini, zaidi kwa BRCA1.

Sasa njoo kwenye darubini. Uvimbe wa BRCA1 mara nyingi una sura yake: seli kubwa zimevurugika, zinagawanyika kila unapoangalia, gredi 3, katikati kuna sehemu zimekufa, pembeni chembe nyeupe za damu zimejazana, na ukingo wake haujachimba mizizi kama kansa zingine, unasukuma tu nyama ya jirani kwa umbo la duara. Hilo duara ndo linaloniudhi, manake kwenye ultrasaundi linaweza kuonekana laini, msichana wa miaka 29 akaambiwa ni faibroadenoma hiyo, uvimbe usio kansa, usiwe na wasiwasi, nenda urudi mwakani. Tukipima vipokezi tunakuta ER hasi, PR hasi, HER2 hasi, yaani hasi tatu, na tamoksifeni, dawa inayozuia homoni, hapo haisaidii.

Ila sio kila hasi tatu ni BRCA1 jamani! Wanawake wenye asili ya Afrika tunapata hasi tatu kwa wingi kuliko Wazungu na wengi wetu hiyo jeni tunayo nzima kabisa. Ni dalili ya kumfanya daktari aulize, basi.

BRCA2 ndo mjanja, uvimbe wake unafanana na wa mtu yeyote, ER chanya, darubini hainiambii kitu. Hapo inabidi kuulizia ukoo: nani aliugua kabla ya miaka 50, nani alikuwa na kansa ya ovari, kuna mwanaume aliyepata kansa ya titi? Huyo mwanaume mmoja ni taarifa nzito sana. Na watu wakiulizwa wanataja mama, bibi mzaa mama, mama wadogo, wanaishia hapo, wakati jeni hizi baba naye anazibeba na kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Shangazi zako wahesabu pia.

Swali ninaloulizwa sana ni dada asiyeumwa aende akapime jeni? Aanze mgonjwa mwenyewe kama yupo. Kwake tukiikuta kasoro tunajua tunatafuta nini kwa ndugu, dada akipimwa akakutwa hana hiyo kasoro ya ukoo anarudi kwenye hatari ya kawaida. Akianza dada na majibu yakaja safi, hatujui kama kweli hakurithi au kasoro ya kwao iko kwenye jeni nyingine ambayo hatujaigusa. Na kuna jibu la tatu, kasoro isiyojulikana maana yake, sisi Waafrika tunalipata zaidi kwa sababu data nyingi za jeni zimetoka Ulaya na Marekani, na kwa jibu la aina hiyo mtu asikubali kukatwa titi.