Sarafu za kaunti za Ulaya: sura mbovu, asili halali

Kwanza neno lenyewe. Msomaji wa Kenya akisikia kaunti asije akamfikiria gavana. Ufaransa ya karne ya 12, kaunti ilikuwa milki ya kabaila aliyerithi kiti, na wengi wao waligonga sarafu zao wenyewe, mfalme akiwapo.

"Picha imekaa upande, basi ni bandia." Katika madai potofu kuhusu sarafu hizo, hili nalisikia kuliko yote. Chukua denie, yaani sarafu ndogo ya zama hizo, ya Provins, mji wa kaunti ya Champagne: nyembamba kama ukucha, uzito wake kama gramu moja, upande mmoja ina kitana na mwingine msalaba. Mara nyingi kitana kimekatika meno kwa kuwa kimeangukia ukingoni. Chapa ya chini ilikitwa kwenye gogo, kipande cha madini kikawekwa juu yake, fundi akashika chapa ya juu kwa mkono mmoja na kushusha nyundo kwa mwingine. Mkono ukicheza, picha inahama. Akigonga mara mbili, herufi zinapandana. Ushtuke ukiziona mbili zinazofanana mpaka mkwaruzo: huenda zimemiminwa kwenye kalibu moja.

"Ni fedha tupu." Wapi! Nyingi zilichanganywa na shaba, ndiyo maana zinapiga weusi.

"Ina miaka 800, kwa hiyo ni utajiri." Za Provins zilitolewa kwa wingi kwa ajili ya magulio ya Champagne, hata Seneti ya Roma ya zama hizo, baraza la mji, ikaziiga. Za kawaida hazina bei ya kutisha.

"Jina lililoandikwa ni la aliyeitoa." Hapa ndipo panaponoga. Kaunti ya Poitou iliendelea kugonga denie zenye jina la mfalme Charles vizazi kadhaa baada ya yeye kuzikwa, maana wachuuzi walishaizoea sura ile, na sarafu ngeni hukataliwa sokoni. Melgueil, karibu na Montpellier, walikwenda mbali zaidi. Kaunti hiyo ilikuwa mikononi mwa askofu wa Maguelone tangu 1215, na huko zikagongwa sarafu za fedha za mraba zenye maandishi ya Kiarabu, kwa kuiga dirhamu za Muwahidun, watawala Waislamu wa Afrika Kaskazini. Mwaka 1266 Papa Clement IV alimwandikia askofu barua kali: Mkatoliki gani huyo anayegonga sarafu zenye jina la Muhammad?