Meja Attlee: kutoka mahandaki ya Gallipoli hadi mashamba ya Kongwa

Watu wakisimulia Mpango wa Karanga wa Kongwa, mradi mkubwa wa kilimo wa serikali ya Uingereza huko Tanganyika, huanzia kwenye matrekta. Katika vipindi vyetu vya elimu kwa umma mimi huanzia mbali zaidi: ufukwe wa Suvla, Gallipoli, nchini Uturuki, Desemba 1915. Jeshi la Uingereza lilikuwa likiondoka usiku kimyakimya baada ya kushindwa. Kapteni Clement Attlee, mwenye miaka 32, ambaye baadaye angekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliachwa nyuma na askari wake ili walinde njia wenzao wapande mashua. Husemwa kwamba aliyeondoka ufukweni baada yake ni mtu mmoja tu, jenerali wao.

Attlee hakuzaliwa katika ukoo wa kijeshi. Baba yake alikuwa wakili wa London, naye akasoma Chuo Kikuu cha Oxford akawa wakili vilevile. Kilichomgeuza ni Stepney, eneo la maskini mashariki mwa London, ambako mwaka 1905 alianza kusaidia klabu ya vijana. Alikuta wanaume wakigombea kibarua cha siku bandarini na watoto wao wakilala njaa. Akahamia huko, akaishi nao kwa miaka mingi, na mwaka 1908 akajiunga na wasoshalisti.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, Clement alijiandikisha. Kaka yake Tom alikataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake, akafungwa gerezani. Nisingependa msomaji aharakishe kuamua nani kati yao alikuwa shujaa.

Huko Gallipoli kuhara damu kulimlaza hospitalini Malta, lakini alipopona alirudi mstari wa mbele. Aprili 1916 alijeruhiwa na vipande vya kombora Mesopotamia, nchi tunayoiita Iraki leo. Alimaliza vita akiwa na cheo cha meja, na Stepney waliendelea kumwita Meja Attlee. Mwaka 1919 akawa meya wao, na 1922 mbunge wa Limehouse, hapohapo mashariki mwa London.

Jambo moja la Gallipoli lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye. Aliyeupigania mpango wa vita vile alikuwa Winston Churchill, na wengi hawakumsamehe. Attlee, aliyeyaonja mahandaki yenyewe, aliona wazo lilikuwa zuri ila utekelezaji ndio uliharibika. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, wawili hao waliingia serikali moja ya vita, Churchill akiwa Waziri Mkuu, na mwaka 1942 Attlee akawa Naibu Waziri Mkuu rasmi. Julai 1945 akambwaga Churchill katika uchaguzi na kuwa Waziri Mkuu, chama chake cha Labour kikipata viti 393 bungeni.

Serikali yake iliendesha amani kama vita: kwa mipango, malengo na amri. Migodi ya makaa ya mawe na reli vikawa mali ya taifa. India ikapata uhuru Agosti 1947. Tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ikaanza, mgonjwa akatibiwa bila kuulizwa pesa. Kwangu mimi hilo ndilo tunda kubwa la miaka yake ya Stepney.

Imani ileile katika mipango na amri ndiyo iliyowafikisha Kongwa, Tanganyika. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali ikakubali pendekezo la kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Wanajeshi waliotoka vitani waliajiriwa kwa wingi, hata wafanyakazi wa mradi wakaitwa jeshi la karanga. Lakini pori la Kongwa halikutii ratiba. Mizizi na mibuyu ilivunja mashine, mvua haikutosha, na kiangazi kikaufanya udongo wa mfinyanzi kuwa mgumu kama saruji. Wagogo walikuwa wakiishi na ukame huo tangu enzi za mababu, nao wangeweza kueleza mengi kama wapangaji wangewasikiliza kwanza. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zikapotea.

Oktoba mwaka huohuo Labour ikashindwa uchaguzi. Attlee aliongoza chama hadi 1955, akafariki 1967. Sehemu ya ardhi ya Kongwa iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, na katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi hapo Kongwa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa ili karanga zipate njia ya kutokea, inapokea meli mpaka leo.